Siku Hizi Steringi Hafi, Hata Akifa

Mpwa wangu ana miaka 11, na mwezi uliopita alinila mabuyu ya shilingi hamsini kwa njia ambayo hadi leo naiona ya hila. Tulikuwa tumeketi sebuleni kwa dada yangu, Langoni, tukitazama filamu moja ya majabari wanaoruka angani, zile ambazo ukianza kuzihesabu sehemu zake humalizi. Dakika ya ishirini hivi akatokea mzee wa ndevu nyeupe, sauti ya upole, akamkabidhi kijana upanga. Mpwa wangu hakugeuka hata kunitazama. "Mjomba, huyu mzee atakufa." Nikamuuliza kama filamu ameshaiona. Hajaiona. Basi tukawekeana dau la mabuyu, Mungu atusamehe. Saa haikupita, mzee akafa, tena mikononi mwa yule kijana, mvua inanyesha. "Sasa atakata tamaa kidogo," mpwa wangu akasema, mdomo umejaa ubuyu, "halafu atakumbuka maneno ya mzee." Akakata tamaa. Akakumbuka.

Mabuyu si kitu. Kilichonikera ni kwamba mtoto hakuwa na raha ya kushinda. Alikuwa kama karani anayehakiki mizigo inayoteremshwa gatini: hii imo, hii imo, hii imo, weka sahihi.

Ratiba hiyo aliyoikariri bila kufundishwa ina wenyewe. Mwaka 1949 mwalimu mmoja wa Marekani, Joseph Campbell, alitoa kitabu kilichodai kwamba hadithi za mashujaa wa dunia nzima ni hadithi moja yenye sura elfu: mtu anaitwa, anatoka kwao, anapata mlezi wa kumwongoza, anapigwa hadi karibu na mauti, anashinda, anarudi na zawadi. George Lucas alikitegemea kitabu hicho alipokuwa akihangaika na muswada wake wa vita vya nyota, Star Wars, filamu ikatoka 1977, na fedha zilizoingia zikawafanya wakubwa wa Hollywood wamsome profesa ambaye katika hali ya kawaida wasingemsogelea. Katikati ya miaka ya 1980 Christopher Vogler, aliyekuwa akiwasomea Disney miswada, alilikamua lile kitabu likawa waraka wa kurasa saba, nao ukatembea mkono kwa mkono. Mwaka 2005 akaja Blake Snyder, yeye akaweka mpaka nambari za kurasa. Ukurasa wa 12 litokee jambo la kumtikisa shujaa. Ukurasa wa 25 aingie safarini. Ukurasa wa 75 kila kitu kiwe kimeharibika, na hapo Snyder anashauri pawe na harufu ya kifo. Ukurasa mmoja wa muswada hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Kumbe mzee wetu wa ndevu alikuwa na miadi.

Campbell mwenyewe simlaumu sana. Kosa lake ni la kila atafutaye mfanano, kwamba huupata. Ukikusanya hadithi mia, ukaokota kila zinapogusana na kuacha kila zinapoachana, utaondoka na hadithi moja, na hutajua umeacha nini pale mkekani.

Hapa ndipo wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye hukumu: kanuni imeua ubunifu. Mimi siwezi kuifuata hukumu hiyo, kwa sababu naishi Lamu. Anayeamini kwamba kanuni huua ubunifu na apite Mkomani asubuhi atazame milango. Mlango wa Lamu ni mbao mbili, kati pamesimama mfaa, juu kizingiti kilichonakshiwa, pande mbili miimo. Umbo ni hilohilo, fundi baada ya fundi. Na bado mtu anayejua husimama mbele ya mlango mmoja akaupapasa kidogo, akasema huu ni mkono wa fulani, tena alipokuwa bado kijana, kwa sababu ua hili alikuja kuliacha baadaye.

Utenzi nao ni hivyohivyo. Vipande vinne, mizani minane minane, vitatu vinalingana kina na cha nne kinabeba kina cha utenzi mzima mpaka mwisho. Bwana Mwengo wa Pate alikuwa ndani ya pingu hizo mwaka 1728. Muhamadi Kijumwa, mtu wa hapa hapa Lamu, alikuwa ndani ya pingu hizo mwaka 1913 alipouandika utenzi wa Fumo Liyongo. Na Kijumwa huyu alikuwa pia mchonga mbao na mwandishi wa khati, kwa hiyo maisha yake yote aliyafanya ndani ya maumbo aliyoyakuta. Wala hadithi yenyewe mifupa yake si mipya. Jabari asiyeshindika, isipokuwa kwa shaba ikichomwa kitovuni: huyo ni ndugu wa damu wa Achilles wa Wagiriki na kisigino chake. Campbell angeshangilia.

Na kama ni hadithi isiyo na shujaa kabisa, nayo tunayo. Al-Inkishafi, utungo wa kale wa hapa pwani, hauna jabari wala adui. Una mtu anayeusemeza moyo wake na kuuonyesha nyumba za Pate zilizokufa, popo kumbini, na madaka yaliyokuwa yakipangwa vyombo vya thamani sasa ni malalo ya makinda ya ndege. Zaidi ya miaka mia mbili watu wanausoma na hakuna aliyelalamika kwamba hajui steringi ni nani.

Neno hilo, steringi, yaani shujaa wa filamu. Wasomaji waliokulia na king'amuzi huenda wasijue uzito wake. Kibanda nilichokulia mimi kilikuwa cha makuti: mabenchi matatu ya mbao, mkeka mbele kwa sisi wadogo, televisheni yenye kioo kilichotuna, deki ya kuchezea kaseti, na jenereta nje likinguruma kuliko bunduki za ndani. Mtu akiingia amechelewa alikuwa na maswali mawili tu. Steringi nani? Adui nani? Akijibiwa hayo ameshaikamata filamu yote, anakaa. Na ukimwona mtoto ameziba macho kwa sababu steringi ananing'inia ghorofani, wakubwa walimtuliza kwa kauli moja ambayo pwani nzima tuliijua: wewe, steringi hafi.

Kwa hiyo nikidai kwamba zamani tulikuwa hatujui mwisho, nitakuwa mwongo. Tulijua. Filamu za Kihindi tulizozipenda nazo zilikuwa na kapu lao la viungo: ndugu wawili waliopoteana utotoni, mama anayeswali na kulia, polisi wanaofika mambo yakiisha, na mvua inayonyesha wimbo unapoanza. Lakini ilikuwa ni kanuni yenye mlango wa nyuma, na mara mojamoja mlango huo ulifunguliwa bila taarifa. Mwaka 1975 peke yake, waandishi walewale wawili, Salim Khan na Javed Akhtar, walimuua Amitabh Bachchan mara mbili: katika Deewaar anapigwa risasi na ndugu yake mwenyewe aliye polisi na kukata roho mapajani mwa mama, na katika Sholay, akiwa Jai, anakufa mikononi mwa rafiki yake baada ya kubaki peke yake kuzuia majambazi darajani. Huyo ndiye alikuwa steringi mkubwa kuliko wote, na umaarufu wake ukazidi kupanda.

Mtaani kwetu palikuwa na nyumba moja yenye deki, ambako kina mama walikusanyika mchana kazi zikipungua. Alikuwepo mama mmoja ambaye Sholay aliitazama mara nyingi kuliko sote, na kila mara alinyanyuka akajitanda buibui lake kabla ya kufika darajani. Husema ameacha mchuzi jikoni. Wenzake walimcheka, lakini nami nilipokua nikamwelewa: kwa hesabu yake, Jai hajafa hadi leo. Yule mama alikuwa na kitu cha kukikimbia. Kifo kilikuwa mle ndani ya kaseti, kinamngoja, na hakikuwa na namna ya kufutwa isipokuwa mtu aondoke.

Sasa linganisha. Mwaka 2017 Wolverine, jabari wa kundi la X-Men, alikufa, na alikufa vizuri, amechoka, mzee, akazikwa msituni chini ya mawe, msalaba wa kaburi ukalazwa upande ukawa herufi X. Niliondoka pale na kitu kifuani. Mwaka 2024 ikatoka filamu nyingine inayoanza kwa kulifukua kaburi lilelile na kupigana kwa mifupa ya marehemu. Watu walicheka, mimi pia nilicheka, sikatai. Wolverine mwingine akaletwa kutoka ulimwengu wa pili, mwigizaji ni yuleyule Hugh Jackman, na mauzo yakapita dola bilioni 1.3. Superman alizikwa 2016, kufikia 2017 yuko mbioni tena. Tony Stark, yule jabari Iron Man, alikufa 2019 na dunia ikamlilia. Julai 2024 mwigizaji wake, Robert Downey Jr., alisimama jukwaani San Diego akavua kinyago, kumbe amerudi, safari hii kama adui.

Ambaye hafufuliki, hurudishwa nyuma. Mufasa, yule simba mfalme wa The Lion King, alikufa 1994 mbele ya watoto wa dunia nzima. Akafa tena 2019 katika hadithi ileile iliyotengenezwa upya kwa kompyuta. Mwaka 2024 akapewa filamu nzima ya ujana wake. Simba, Rafiki, Pumbaa: majina yametoka kwetu, na hata maneno "hakuna matata" Disney iliyasajili Marekani kuwa alama yake ya biashara. Hilo la alama tuliache, lina makala yake.

Kwa nini hawafi? Kwa sababu walinunuliwa. Disney ililipa takriban dola bilioni nne kuichukua Marvel, kampuni ya Iron Man na wenzake, mwaka 2009, na nyingine kama hizo kuichukua kampuni ya Lucas mwaka 2012. Mtu hanunui ng'ombe wa maziwa kwa bei hiyo halafu amchinje Idi. Filamu ya mwisho ya Tony Stark iligharimu zaidi ya dola milioni 350 na ikarudisha karibu bilioni 2.8. Ukishika fedha za namna hiyo mkono hutetemeka. Huajiri mtu wa kukushangaza. Unaajiri wa kukuhakikishia. Zamani filamu ya wastani, isiyojaza kumbi, ilikuwa na riziki ya pili kwenye kaseti na baadaye DVD. Filamu zilipohamia kwenye intaneti riziki hiyo ikakauka, na kundi zima la filamu za katikati, zile za watu wanaozungumza jikoni, likakosa pa kusimama. Juu ya hapo, mwaka 2012 China iliongeza idadi ya filamu za nje inazoziruhusu kwa mgao wa mapato, kutoka 20 hadi 34 kwa mwaka, na kila studio ikataka kuingia katika hesabu hiyo. Utani wa jikoni hausafiri vizuri. Ngumi haihitaji mkalimani.

Matokeo yake yanahesabika kwa vidole. Chukua filamu kumi zilizouza kuliko zote duniani mwaka 2024. Tisa ni miendelezo ya kitu kilichokuwepo, ama kwenda mbele ama kurudi nyuma, na ya kumi, Wicked, imetoka kwenye mchezo wa jukwaani uliojulikana kwa miaka. Hakuna hata moja iliyoanzia kwenye karatasi nyeupe.

Mwongozaji mkongwe wa Marekani, Martin Scorsese, aliwachokoza watu mwaka 2019 aliposema kwamba filamu za Marvel ni kama viwanja vya bembea, kisha akaeleza katika makala kwamba ndani yake hakuna kinachohatarishwa kwa kweli. Kwenye bembea namwona anaringa kidogo, kwa kuwa bembea ni kitu kizuri na Idi bila bembea si Idi. Kwenye hatari yuko sawasawa. Kipigo anachopigwa mtu ambaye mkataba wake una filamu tatu zaidi ni maonyesho ya kipigo. Mpwa wangu hajui neno mkataba, lakini mwili wake unajua: filamu ikifika pale pa machozi yeye huenda jikoni kutafuta mkate.

Niliyaeleza haya yote kwa nahodha mmoja, jirani yetu, barazani baada ya isha. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kahawa yangu imepoa. Kisha akasema: "Mimi nikitoka baharini sitaki filamu inishangaze. Bahari yanishangaza yatosha. Nataka nione mtu mbaya amepigwa, nilale."

Sikuwa na jibu. Ni hoja nzito kuliko nyingi nilizozisoma, na inaeleza kwa nini viti hujaa. Baadaye tu, nikirudi nyumbani vichochoroni huku nawapisha punda, nilipata la kumwambia: wewe nahodha umeshapata mshangao wako baharini huko Kiwayuu, na pengine mwingine wa kuazima. Yule mtoto yuko nyumbani tangu alasiri. Mshangao wake yeye anaupata wapi?

Kuna jambo jingine ambalo wanaoandika kutoka Marekani hawana sababu ya kulijua. Sisi filamu hizi hatukuwahi kuzitazama zilivyo. Kenya tuna DJ Afro, Tanzania walikuwa na Lufufu, na kabla ya kaseti zao kutufikia kila kibanda kilikuwa na kijana wake mwenye mdomo. Sauti ya filamu inapunguzwa, mtu anasema juu yake. Lakini hatafsiri. Muuza dawa za kulevya wa Hong Kong anakuwa ni mtu anayedaiwa kodi ya miezi mitatu. Steringi akiingia hotelini, msimulizi anamwagizia chai na mahamri na kuuliza hadharani ni nani atakayelipa. Adui akijitapa kwa Kichina dakika nzima, msimulizi anamfupisha kwa neno moja na ukumbi unaanguka. Nimewahi kuona filamu moja ya karate kwa midomo miwili tofauti, na zilikuwa filamu mbili: mmoja aliifanya ya kisasi, mwingine aliifanya ya mtu mwenye njaa.

Ni sawa na mlango. Umbo limekuja limekwisha fungwa, msimulizi haruhusiwi kubadilisha hata picha moja, na ndani ya kifungo hicho anapata pa kucheza. Upya wa hadithi, nionavyo, unakaa katika ule mkono ama ule mdomo, na unahitaji mwenye mkono aruhusiwe kuonekana. Studio kubwa zimefika mahali mkono unafichwa makusudi. Mwongozaji wa Argentina, Lucrecia Martel, alisimulia mwaka 2018 jinsi Marvel walivyozungumza naye kuhusu filamu yao moja, wakamwambia asijisumbue na mapigano, hayo watayashughulikia wenyewe. Hebu fikiri umemwita fundi wa kuchonga, ukamwambia nakshi tunazo tayari, wewe shika tu patasi tukupige picha.

Ugonjwa huo haukai Hollywood. Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika warsha ya uandishi wa filamu, mji sitautaja, tukagawiwa karatasi yenye visanduku 15 vya kujaza. Alikuwepo binti mmoja kutoka Matondoni. Hadithi yake ilikuwa ya fundi mzee aliyeunda jahazi, na mteja akafariki kabla halijashushwa majini. Hakuna mwingine anayelitaka, watu wananunua boti za plastiki. Kila asubuhi mzee anaamka kulipaka sifa, yale mafuta ya papa, na kuitazama kalafati, pamba inayoziba nyufa, mbao zisije zikakauka na kuachana. Hiyo tu. Alipoisimulia niliisikia ile harufu ya mafuta.

Mkufunzi aliipenda, lakini kisanduku kilikuwa kitupu. Akamuuliza adui ni nani. Binti akafikiri, akasema: "Jua."

Darasa zima likacheka. Mimi nilicheka pamoja nao na bado naona haya, maana jibu lilikuwa sahihi kabisa. Muulize mtu yeyote mwenye chombo kilicholala ufukweni miezi sita. Kufikia siku ya tatu hadithi ilikuwa imepata mfanyabiashara wa magendo mwenye miwani myeusi, mzee amepata mjukuu shujaa, na jahazi limeingia kwenye kufukuzana usiku na boti ya polisi. Visanduku vyote 15 vikajaa. Binti alisoma muswada wake mpya kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya mtu mwingine.

Wapo waliokataa. Wanuri Kahiu, katika Pumzi ya 2009, filamu fupi ya dunia iliyokauka baada ya vita vya maji, alimtoa mwanamke aitwaye Asha nje ya mji uliofunikwa akapande mche jangwani, akaumwagilia maji yake ya mwisho na jasho lake, akalala pale pale kuutilia kivuli, na hakuinuka. Likarion Wainaina, katika Supa Modo ya 2018, alichukua kiini chenyewe cha tatizo hili: mtoto wa kike anayeumwa ugonjwa usiopona, anayependa filamu za majabari na kutamani kuwa mmoja wao, na kijiji kizima kinachokubaliana kumpa nafasi hiyo. Mtoto anafariki. Filamu haikumwonea haya wala haikumtafutia ulimwengu wa pili. Zote mbili zina mwito, zina safari, zina jaribio. Vogler angevijaza visanduku vyake vingi bila tabu. Ila zimekubali kulipa.

Juzi umeme ulikatika mtaa mzima, saa mbili usiku, mpwa wangu akiwa katikati ya filamu. Simu yake haina chaji. Tukapanda kwenye sakafu ya juu kutafuta upepo, tukalala kwenye mkeka, na kwa kuwa sikuwa na jingine nikaanza kumsimulia Liyongo.

Akaanza kazi yake ya ukarani papo hapo. Nilipomwambia Liyongo amefungwa na mama yake anamtuma kijakazi Saada ampelekee mikate, akasema huyo mama atauawa. Hakuuawa. Nilipofika kwenye ule mkate wa wishwa, ambao walinzi waliudharau wakamwachia mfungwa, na ndani yake mmefichwa tupa, alikaa kitako kidogo. Akapenda sana kwamba ngoma zilipigwa ili mlio wa tupa usisikike. Akasema sasa Liyongo atarudi kumuua mfalme. Nikamwambia ngoja.

Nikamwambia kwamba mfalme alimwita mwana wa Liyongo, kijana, akamwahidi binti yake. Kwamba kijana alikwenda kwa babake akamuuliza, baba, ni kitu gani kinachoweza kukudhuru? Na kwamba Liyongo alishajua mwanawe ametumwa, na bado alimwambia.

"Alimwambia kwa nini?"

"Alimwambia."

Kimya. Kisha: "Mtoto ataghairi. Atafika pale, ataghairi."

"Alimkuta amelala, akamchoma."

Gizani nilimsikia akisogea karibu yangu. Nikamaliza: Liyongo akaamka na uchungu ule, akachukua upinde wake, akaenda hadi penye kisima cha mji, akapiga goti moja, akapachika mshale, akauvuta, na akafia vilevile, amepiga goti. Watu walimwona kwa mbali wakadhani yu hai. Hakuna aliyethubutu kusogea. Siku zikapita, mitungi mitupu, mji una kiu, na mtu aliyekufa ameushikia mji mzima upinde. Wakaenda kumwomba mamake ampoze mwanawe. Mama akaja, akamwimbia. Mwisho Liyongo akaanguka, ndipo wakaiona sindano ya shaba.

"Halafu?"

"Basi. Watu wakateka maji."

Alingoja. Nilijua anangoja nini. Filamu zake zote huwa na kipande kidogo baada ya majina kupita, pale mfu anapofumbua jicho. Chini mtaani punda akalia, mwingine akamjibu kutoka upande wa Mkomani. Umeme bado.

"Mjomba."

"Naam."

"Na yule mtoto. Yeye naye alikunywa yale maji?"

Nikamwambia alale, kesho ana shule.